Milioni Moja kwa Watu Saba

Ukitaka kugombanisha ndugu, gawa milioni kwa saba. Sisi wa Kingerikiti tumejaribu.

Hela ya kahawa ya shamba la marehemu baba iliingia kwenye simu yangu. Tulipomaliza madeni ya mbolea na dawa ikabaki 1,000,000 kamili. Kikao cha familia kikakata mafungu saba: Mama matatu, lake na ya wadogo zetu wawili walioko shule, kaka mkubwa mawili, maana ndiye anayepogolea mibuni na kuhangaika na vibarua, dada aliyeolewa Mbinga moja, mimi moja.

Fungu moja ni 142,857, na inabaki shilingi 1 isiyo na mwenyewe. Nikatuma: dada 142,857, kaka 285,714, Mama 428,571.

Jioni simu haikupoa. "We mdogo wangu," dada alisema, "mbona tarakimu za kaka ni zangu zilezile, umezihamisha tu?" Kaka naye alikuwa ameshachungulia meseji ya Mama. Akatangaza kuwa mshika simu anazungusha namba ili achomoe chake katikati. Mama akataka niape.

Akaitwa baba mdogo, mwalimu mstaafu wa hisabati. Kuziona tu zile namba, akasahau kesi. Akaomba chaki, mlango wa stoo ukawa ubao. Mara 4: 571,428. Mara 5: 714,285. Mara 6: 857,142. Mara 7: 999,999! Gawa 1 kwa 7, akasema, mabaki yatakuwa 1, 3, 2, 6, 4, 5, yote sita bila kuruka hata moja, kisha unarudi kwenye 1. Kwa hiyo popote utakapoanzia, utapita njia ileile.

"Kwa hiyo nimepunjwa au sijapunjwa?" kaka akauliza.

Baba mdogo alikuwa ameshafika India, kwa Kaprekar, mwalimu wa shule aliyezaliwa 1905. Zidisha 142,857 kwa yenyewe, upate 20,408,122,449. Kata vipande viwili, 20,408 na 122,449, ujumlishe: 142,857 imerudi! "Si namba tasa," akasema kwa huruma, "inagawanyika kwa 3, 11, 13 na 37. Lakini tabia yake sasa!"

"Tabia ya nani?" Mama akashtuka.

Kesho yake wakaenda kutoa hela. Wakala hana sarafu iliyo chini ya 50, kwa hiyo kwenye simu ya dada zilibaki 7, ya kaka 14, ya Mama 21. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa: jedwali la saba! Kaka hakucheka. Hizo 14 ananidai mimi mpaka leo, pamoja na ile shilingi 1.

Basi nanyi mlio saba, ongezeni kahawa kidogo ifike 1,050,000. Kila fungu litakuwa 150,000, na mlango wa stoo utabaki msafi.