Namna ya Kupima Amani ya Trump Ukiwa Bandarini Kalemie

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: daftari la mwanafunzi, kalamu, kigoda cha kukalia na macho yako mwenyewe. Televisheni iache nyumbani. Anayetaka kujua kama vita vimekwisha asitazame meza ya Washington. Ateremke bandarini Kalemie asubuhi na mapema, akae karibu na akina mama wanaosubiri ndakala, ahesabu wanaoshuka kutoka kwenye boti za kaskazini. Boti ikileta samaki, mahindi na wachuuzi, andika: amani. Ikileta magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu na watoto wasiojua wanapelekwa wapi, andika: vita. Kipimo hiki hakidanganyi, wala hakuna rais anayeweza kukitilia sahihi.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu mwaka mzima wa 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitutendea mambo mawili yasiyopikika chungu kimoja. Kwa mdomo alimaliza vita vyetu. Kwa kalamu alifunga mfuko uliokuwa ukiwalisha waliokimbia vita hivyo hivyo. Watu wengi hapa mjini wanalijua la kwanza kwa sababu liliimbwa redioni. La pili walilijua siku walipofika kituo cha afya na kukuta mlango umefungwa.

Fungua ukurasa wa kwanza, uugawe katikati kwa mstari mmoja. Upande wa kushoto utaandika maneno ya rais, upande wa kulia boti.

Kushoto, anza na tarehe 27 Juni 2025. Siku hiyo mawaziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner wa Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda, walitia sahihi mkataba wa amani jijini Washington mbele ya mwenzao wa Marekani, Marco Rubio. Shuka mstari, andika 23 Septemba: Trump akiwa kwenye jukwaa la Umoja wa Mataifa, New York, alitangaza kwamba amemaliza vita saba, na vya Kongo na Rwanda akavitia humo. Shuka tena, andika 4 Desemba: Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda wenyewe wanaketi Washington, wanatia sahihi, marais wengine wa Afrika wamesimama kushuhudia. Andika pia jina la jengo. Ni Taasisi ya Amani ya Marekani, ambayo wafanyakazi wake wengi walifukuzwa kazi mwezi Machi mwaka huo huo, na ambayo ukutani ilikuwa imebandikwa jina la Trump siku moja tu kabla ya sherehe.

Sasa hamia kulia. Tarehe 10 Desemba, siku sita baada ya sahihi hizo, waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, walitangaza kwamba Uvira iko mikononi mwao.

Kwa msomaji asiyelijua ziwa letu: Uvira iko kwenye ncha ya kaskazini ya Tanganyika, sisi tuko kusini yake, ukingo ule ule wa magharibi, chini ya kilomita 300. Maji yanayopiga mawe ya Uvira ndiyo yanayopiga mawe yetu. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, tulihuzunika kama watu wa mbali. Bukavu ilipofuata katikati ya Februari, boti zilianza kutuletea raia, na askari waliokimbia pamoja nao. Uvira ilipoanguka Desemba, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wapatao 200,000 walioyahama makazi yao katika siku chache. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Burundi, wengine wakafuata njia ya Fizi na Baraka kuja kusini. Rubio mwenyewe alikiri kwamba vitendo vya Rwanda vimevunja mkataba aliousimamia bosi wake. Januari 2026 M23 waliondoka Uvira, lakini Goma na Bukavu walibaki nazo.

Mvuvi akikuambia amevua mikebuka mia moja, humpi pesa hapo hapo. Unamwambia, "Baba, funua turubai tuone." Trump alihesabu vita saba turubai ikiwa imefungwa, na dunia ikampigia makofi. Kosa lake ninaloliandika kwenye daftari ni hilo. Kujaribu kupatanisha si kosa. Mpatanishi anayekaa na Kinshasa na Kigali meza moja ni mtu wa kushukuriwa, na sisi tuliokuwa tunahesabu boti tuliomba afanikiwe. Kosa ni kutangaza kwamba kazi imekwisha wakati risasi zinalia, kwa sababu ukishatangaza hivyo huna tena sababu ya kumbana anayevunja ahadi, wala ya kumlisha anayekimbia.

Ukurasa wa pili ni wa pesa. Hapa uwe na subira, maana tarakimu ni kubwa na tarehe zimebanana.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ofisini, Trump aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90. Juma moja baadaye Goma ilianguka. Zisome tarehe hizo mbili pamoja mpaka ziingie moyoni: wiki ile ile ambayo mamia ya maelfu ya Wakongo walihitaji turubai, maji na unga kuliko wakati wowote, magari ya mashirika yaliambiwa yasimame. Mwaka uliotangulia, 2024, Marekani ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya pesa zote za msaada wa dharura zilizoingia Kongo. Tarehe 1 Julai shirika la misaada la Marekani, USAID, lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, lilifungwa rasmi.

Siku tatu baada ya kufunga, tarehe 4 Julai, rais huyo huyo alitia sahihi sheria kubwa ya bajeti iliyoongeza takriban dola bilioni 150 kwa jeshi. Tarehe 24 Julai alifuta dola bilioni 9 zilizokwisha kupitishwa na Bunge, na karibu bilioni 8 kati ya hizo zilikuwa za misaada ya nje. Septemba akaamuru Idara ya Ulinzi iitwe Idara ya Vita. Kwa mtu anayejinadi kuwa mleta amani, hilo pekee linamtosha msomaji wa Kalemie. Mwezi Juni kulikuwa na gwaride la kijeshi Washington ambalo jeshi lenyewe lilikadiria litagharimu kati ya dola milioni 25 na 45.

Usijaribu kuvuta picha ya dola bilioni 150, kichwa kitauma. Tafuta mfano wa nyumbani. Kuna baba anayewaambia watoto kwamba hana pesa ya unga wa bukari, na jioni anarudi na kufuli la tatu la mlango. Watoto hawahitaji kusoma uchumi kujua kwamba pesa zilikuwepo. Wanajua baba amechagua. Serikali ya Trump ilisema inapunguza matumizi ili kumwokoa mlipa kodi wa Marekani, lakini misaada yote ya nje ilikuwa kama asilimia moja tu ya bajeti ya nchi ile. Huwezi kuokoa nyumba kwa kumnyima mgeni kikombe cha maji huku ukiagiza lori la makufuli.

Kisa kimoja kinastahili ukurasa peke yake. Tani zipatazo 500 za biskuti za lishe, zilizonunuliwa na Marekani kwa kama dola 800,000, zilikaa ghalani Dubai mpaka muda wake ukapita, kwa kuwa maafisa wenye mamlaka ya kuzitoa walikuwa wameondolewa au wamenyamazishwa. Zilikadiriwa kutosha watoto milioni 1.5 kwa wiki moja. Ikabidi zichomwe moto, na kuzichoma kukagharimu dola 130,000 nyingine. Biskuti hizo hazikuwa zetu, zilikusudiwa Afghanistan na Pakistan. Ninaziandika kwa sababu mama anayeuza sombe sokoni hapa akiozewa mafungu mawili hulala na deni, na hakuna anayemwita mbana matumizi.

Ili tusimwonee mtu: mwishoni mwa Desemba 2025 serikali ya Trump iliahidi dola bilioni 2 kwa misaada ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, zigawanywe kwa nchi kadhaa, Kongo ikiwemo. Iandike. Kisha pembeni yake iandike tena ile bilioni 150 iliyoongezwa kwa jeshi.

Kwa nini tunajali hivi? Kwa sababu ya kipindupindu. Kalemie ni miongoni mwa miji ambayo ugonjwa huo hauondoki, unapungua, unarudi. Watu wanachota maji ziwani na kwenye Lukuga, mto uanzao hapa kupeleka maji ya ziwa hadi Kongo kubwa, na mvua ikizidi ziwa linapanda hadi milangoni. Kinachozuia vifo ni vitu vya bei nafuu: klorini, bomba linalofanya kazi, chumvi na sukari za kunywa, dripu, muuguzi anayelipwa. Mtu mwenye kipindupindu kikali anaweza kufa ndani ya saa chache, na akipata maji mwilini mapema anapona. Ongeza hapo familia elfu moja kutoka kaskazini wanaolala shuleni na makanisani, wanaotumia choo kimoja. Fikiria pia msichana aliyebakwa njiani: dawa ya kumkinga na VVU lazima aianze ndani ya saa 72. Amri ya kusimamisha misaada ilikuwa ya siku 90.

Ukurasa wa tatu: chungulia chini ya meza. Siku ile ya 27 Juni, Trump alisema waziwazi kwamba Marekani itapata haki nyingi za madini ya Kongo kupitia mkataba huo. Wiki tatu baadaye, tarehe 17 Julai, kampuni ya Kimarekani ya KoBold Metals, ambayo Bill Gates na Jeff Bezos wamewekeza kwayo, ilitia sahihi makubaliano na serikali ya Kinshasa, na jicho lake liko Manono. Manono si nchi ya mbali. Imo katika jimbo letu la Tanganyika, mji uliochimbwa bati tangu zama za Wabelgiji na ambao sasa unajulikana duniani kwa lithiamu ya betri. Uza lithiamu, sina ugomvi. Nchi huuza ilichonacho. Ninachotaka kuona kwenye daftari ni barabara ya Kalemie kwenda Manono inayopitika masika, reli ya Kabalo inayotembea kwa ratiba, na shule. Rais anayekumbuka madini ya jimbo na kusahau dawa za jimbo hilo hilo ametuonyesha anachokipima.

Ukiwa na muda, mtafute mzee aliyepita miaka sabini umsalimie vizuri, umuulize habari za Albertville, jina la mji huu kabla haujawa Kalemie. Atakueleza waasi wa Simba walivyouteka mwaka 1964 na jeshi la serikali likishirikiana na mamluki wa Mike Hoare lilivyourudisha mwisho wa Agosti. Ndege za T-28 zilizotusaga zilitolewa na serikali ya Rais Lyndon Johnson, na waliozirusha ni Wakuba wa uhamishoni waliolipwa na CIA. Mwaka uliofuata boti zao zenye bunduki zilikuwa zikilinda ziwa kutoka bandari hii hii. Mwezi huo huo wa Agosti 1964 Johnson alipata ruhusa ya Bunge lake ya kupanua vita vya Vietnam, na hatimaye vita hivyo vilimla pesa alizoahidi maskini wa nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo hatuongei kama wageni wa habari hizi. Marais wa Marekani wamekuwa wakipitisha vita kwenye ziwa letu kwa miaka sitini, na bado hakuna aliyekuja kuuliza bei ya ndakala.

Ukurasa wa nne ni wa Kinshasa, na usiuache mtupu ukidhani Trump amekutosha. Tshisekedi alikodi askari wa kigeni kutoka Romania kuilinda Goma, na mji ulipoanguka walipakiwa wakarudishwa kwao kupitia Rwanda. Mishahara ya askari wetu ilitangazwa kuongezwa mara mbili Machi 2025, baada ya miji miwili kwenda. Askari asiyelipwa hukimbia, na anapokimbia anapita bandarini kwetu akiwa na bunduki na njaa. Muulize mbunge wako wa Kalemie, kwa heshima lakini bila kuinamisha uso, bajeti ya vita inaishia mfuko gani kabla ya kumfikia askari wa Fizi. Ulizia pia kwa nini klorini ya mji huu ilitegemea uchaguzi wa Pennsylvania, kule Marekani.

Sasa utunze daftari. Kila asubuhi andika tarehe, idadi ya boti, zilikotoka na zilichobeba. Usiandike majina ya watu. Waliokimbia wana sababu ya kujificha. Uliye Moba, Baraka, Kigoma au Bujumbura, anza la kwako leo, ziwa ni moja na boti ni zile zile. Mwezi mzima ukipita boti za Uvira zikileta samaki na wachuuzi tu, niletee ukurasa huo. Nitamshukuru Trump kwa jina lake, kwa maandishi, hapa hapa bandarini.