Soksi Hizi Haziuzwi

Joensuu, Ufini
Februari

Kwa Baba, Mama, Dani, Baba Mdogo na wote mlio katika kundi la WhatsApp la ukoo,

Huku baridi imehamia kwetu kama mpangaji asiyelipa kodi na hana nia ya kuhama kabla ya Aprili.

Madhumuni ya barua hii ni kujibu maswali yaliyozuka tangu Mama watoto awatumie ile picha yangu nimekaa kochini, sindano tano mkononi, soksi ya kijani na nyeupe ikining'inia. Baba ameuliza kama huku kazi zimekwisha. Mama ameuliza soksi moja nauza ngapi. Dani ameuliza kondoo ni wa nani. Baba Mdogo hakuuliza chochote, ametuma tu zile sura za njano zinazocheka hadi machozi, nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nianze na Baba. Kazi ipo, mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Tatizo ni kwamba katika mji huu, mwezi wa Desemba, jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Ukitoka kazini, giza. Ukila, giza. Ukimaliza kula, bado ni jioni mapema na usiku mzima unakungoja. Huko kwetu Ahero mtu angetoka akapige gumzo pale stendi hadi usingizi umfuate. Huku stendi hakuna mtu, na aliyepo hataki gumzo. Basi watu hufuma.

Halafu kiatu huku hakivuki mlango. Awe mchungaji, awe fundi wa mabomba, awe mwenye nyumba mwenyewe, wote huvua mlangoni. Kwetu kijana akienda kuposa hung'arisha viatu hadi nzi ateleze. Huku viatu vyenyewe vinabaki barazani, na kinachoingia sebuleni kusalimia wakwe ni soksi. Kidole gumba kikichungulia, ukoo mzima umeaibika. Ndiyo maana uzi wa sufu unauzwa supamaketi, rafu chache kutoka kwenye maziwa. Unaojulikana kuliko wote unaitwa 7 Veljestä, jina la riwaya ya Aleksis Kivi ya mwaka 1870 kuhusu ndugu saba wanaokimbilia msituni badala ya kujifunza kusoma. Uzi wenyewe ni robo tatu sufu na robo moja nailoni, na hiyo nailoni ndiyo inayookoa kisigino kisitoboke upesi. Donge moja la gramu 150 linatosha jozi ya mtu mzima. Mama watoto siku hizi hanitumi maziwa.

Najua, Baba, swali lako hasa halikuwa la kazi, lilikuwa la uanaume. Nakujibu kwa ushahidi. Mwaka 2018, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, Antti Koskinen, kocha wa Ufini, alionekana na dunia nzima akifuma juu ya mlima huku mwanariadha wake akijiandaa kuteremka. Timu yao ilikuwa inafuma blanketi ya mtoto mchanga wa rais wao. Mwaka 2021, Mwingereza Tom Daley alishinda dhahabu ya kupiga mbizi Tokyo, kisha akakaa katika jukwaa la watazamaji na sindano zake akafuma mbele ya kamera. Na hapa hapa Joensuu, Julai 2019, yalifanyika mashindano ya dunia ya kufuma kwa muziki wa roki nzito: magita yananguruma, watu wanatikisa vichwa, sindano zinakwenda kwa mdundo. Kundi kutoka Japani likanyakua ubingwa. Baba Mdogo akiamini kwamba soksi ni kazi ya akina nyanya, nitamlipia nauli aje awaambie wale jamaa ana kwa ana.

Isitoshe, Baba, aliyenianzisha ni wewe. Ilikuwa enzi ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, darasa la sita, mwalimu wa sanaa ametuambia kila mmoja aje na sindano za kufumia. Hukununua. Ulikwenda kwa fundi wa baiskeli pale njia panda ya kwenda Kisii, ukarudi na spoku, ukazisugua kwenye jiwe la kunolea panga hadi ncha zikawa laini. Sindano za soksi ninazotumia leo zina ncha huku na huku na ni nyembamba pia. Nimezinunua kwa yuro, na hazishindi zako.

Huku mambo haya ni sheria ya shule. Kazi za mikono zimo katika shule zao za msingi tangu mwaka 1866, wavulana kwa wasichana. Kijana wetu alipofikiwa na zamu yake ya kufuma, alimkimbilia mama yake, naye ni muuguzi: sindano anazozijua ni za wagonjwa, na ule mchele wa kwetu uitwao sindano. Akaelekezwa kwangu. Nikamshika mkono, nikamwonyesha, na alipomaliza kazi yake ya shule mimi sikuweza kuacha.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana naona mnadhani nacheza. Vitanzi 48 vinagawanywa kwenye sindano nne, 12 kila moja, na ile ya tano ndiyo inayotembea. Unafuma shingo ya soksi, viwili mbele, viwili nyuma, ili ivutike na isishuke hadi kwenye vifundo. Ukifika usawa wa kifundo, mtihani unaanza. Nusu ya vitanzi unavilaza. Nusu nyingine unavifuma kwenda na kurudi hadi upate kipande bapa cha mraba kinachoning'inia peke yake, hakifanani na sehemu yoyote ya mwili wa binadamu. Kisha unafuma hadi kupita katikati kidogo, unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja, unageuka kabla hujafika ukingoni, unarudi. Kila safari inameza kitanzi kimoja cha pembeni. Hukati, hushoni, lakini kile kipande kinaanza kujikunja chenyewe hadi kinakuwa bakuli dogo, na ukikipachika kwenye kisigino cha mtu kinakaa. Bado unapaswa kuokota vitanzi vipya kila upande na kuviunganisha na vile vilivyolala. Ukikosea hesabu hapo, soksi inapata bega.

Ndiyo maana nyumbani kwetu kuna msemo: "Baba yuko kisiginoni." Maana yake hakuna kuomba pesa, hakuna kuuliza hesabu za shule, hakuna kupigana karibu na kochi. Watoto wanauheshimu. Mama watoto ndiye anayeutumia kwa hila. Yeye hungoja nifike kisiginoni hasa, ndipo aniombe ruhusa ya mambo makubwa, kwa kuwa anajua huko jibu langu ni "mm". Kochi jipya mnaloliona kwenye picha liliingia nyumbani kwa "mm" ya namna hiyo. Nasikia pia nilikubali paka.

Binti yetu naye alichukua jozi yangu ya mguu wa 44, akaitia kwenye mashine pamoja na mataulo, nyuzi joto 60. Sufu haitaki hivyo. Ikipata maji ya moto na msukosuko, nyuzi zake hushikana na haziachani tena. Soksi zilitoka zinasimama zenyewe, zinamtosha mtoto wa miezi sita. Zimekwenda kwa jirani aliyejifungua, na ameambiwa zilikusudiwa yeye tangu mwanzo.

Dani, kuhusu kondoo. Kondoo wetu wa nyanda za Kano ni wa manyoya mafupi, hawatoi uzi, usijisumbue kuwakata. Wa huku wana sufu nzuri, tena jike wa Kifini huzaa watatu au wanne kwa mpigo. Baba Mdogo, nakuona umeacha kucheka. Hapana, siwezi kukuletea dume wake kwenye ndege.

Sasa, Mama. Umeuliza nauza ngapi, na ukaongeza kwamba jirani yako ana duka Kisumu na anaweza kunitafutia soko. Jozi moja hula jioni zangu karibu wiki nzima. Nikipanga bei kwa mshahara wa saa wa huku, hakuna mtu wa soko la Kibuye atakayenisikiliza, maana hatua tatu mbele yupo kijana anayepaza sauti "tatu mia, tatu mia!" Nikishusha bei nimfikie, nitakuwa nimejiajiri kwa mshahara ambao hata mimi ningeugomea. Jozi pekee iliyonirudishia kitu ni ya mzee jirani. Huyo hutembea juu ya ziwa likiganda, akatoboa tundu, akakaa kwenye kistuli akivua. Nilimpa soksi, akaniletea samaki kwenye mfuko wa plastiki, wamekakamaa kwa barafu. Hakuna aliyetaja bei.

Na kabla hujanijibu, Mama, tazama sebuleni kwako. Vile vitambaa vyeupe vya kroshia kwenye kila kochi, juu ya redio, juu ya televisheni, na kile kidogo juu ya kifuniko cha mtungi, ulimuuzia nani? Kila bibi harusi wa kuanzia Ahero hadi Awasi alitoka na seti yako, na wewe ukafurahi kusikia tu kwamba vimependeza. Mgeni akiviegemea vikadondoka, unaviokota unavirudisha. Hukuwahi kuita hiyo biashara. Mimi nimefuata mkondo huo huo, ila makochi yangu yana vidole.

Sasa nataka kuwafumia na ninyi. Najua joto la Ahero mwezi huu, na sitaki mtu azimie kwa ajili yangu. Lakini binamu anachuma chai Kericho asubuhi na gambuti zake, baridi inamng'ata. Yuko askari wetu wa zamu ya usiku, yuko wa bodaboda anayepakia saa kumi alfajiri, na yuko Dani, ambaye miguu yake haipati joto hata ukame ukaushe mto Nyando. Hao kwanza. Wa mashamba ya mpunga msubiri, tope litazimeza. Zile za kijani na nyeupe tayari zina mwenyewe, shabiki wa klabu ya Gor Mahia anayejijua.

Nahitaji urefu wa nyayo zenu. Msiniandikie nambari ya kiatu, maana nawafahamu: mnavaa mtumba uliopatikana, na Baba Mdogo huingia kwenye 45 kwa msaada wa gazeti. Kanyageni karatasi, mchore mguu kwa kalamu, mweke rula kando, mpige picha. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa ijayo. Atakayenitumia nambari ya M-Pesa badala ya mguu atafumiwa soksi moja tu, ya kushoto.

Mwanenu, aliye kisiginoni.