Jinsi ya Kupima Gunia Bila Kupimwa Wewe

Mwongozo huu ni wa kila anayeuza au kununua kwa kipimo mkoani Simiyu: mwenye pamba Itilima, mwenye mpunga Maswa, mama lishe wa Bariadi anayetafuta debe la mahindi. Hesabu nyingi hazihitajiki. Njoo na macho, mdomo na ujasiri wa kuuliza mbele za watu.

1. Uliza mkono ni wa nani. Zama za misafara, vitambaa vya merikani na kaniki vilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti. Hesabu safi kabisa, ila mkono wa nani? Muuzaji alimpenda mpimaji mfupi, mnunuzi akamleta binamu yake mrefu. Pwani nako vibaba 4 vilifanya pishi, lakini pishi ya mji huu haikulingana na ya mji ule. Kipimo kikikosa shahidi, mwenye nguvu ndiye hutaja idadi.

2. Lichunguze debe kama unavyomchunguza mchumba wa bintiyo. Asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni 4, takriban lita 18. Ligeuze utazame kitako, kisha lipapase mbavu. Debe la kuuzia limebonyea ndani, la kununulia limetuna nje, na yote mawili ni ya mtu mmoja! Likishajaa, dai kijiti kilichonyooka kipitishwe mdomoni. Kile kilima kinachobaki juu ya debe la mkulima ni uji wa watoto wake.

3. Livue gunia kilemba. Gunia la debe 6 za mahindi hukaribia kilo 100. Lumbesa ni gunia lilelile lililoongezewa kichwa na kushonewa kamba, bei ikabaki palepale. Sheria ya vipimo inaikataza. Mchuuzi atasema, "Mayu, hapa tunanunua kwa gunia." Mjibu kwa upole na kwa sauti ya kusikika hadi genge la pili: "Sawa mwanangu, na gunia lako ni kilo ngapi?" Akikosa jibu, funga mzigo uende kwa mwingine.

4. Ijaribu mizani kabla haijakujaribu. Kwanza iwe tupu na isome sifuri. Pili, tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, ambao hukagua mizani ya biashara kila mwaka. Isome tarehe, maana stika ya zamani ni pambo tu. Tatu, weka juu yake kitu ambacho uzito wake unaujua: mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Mizani ikisema 46, usibishane nayo. Waite wenzako waione, kisha mpigieni ofisa vipimo.

5. Mchanga uuache shambani. Mkulima anayelowesha pamba au kuitia mchanga anaiba kilo kwa mkono wake mwenyewe, na hana uso wa kumlaumu karani wa mizani. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza nchini kwa zao hili. Pamba chafu hushusha jina na bei ya jirani zako wote, hata wale walioichambua usiku kucha.

6. Pimeni wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bariadi ikiwa bado ndani ya wilaya ya Maswa, wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka na mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo ili kila kilo isomwe mara mbili. Vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, ndilo lililozaa shirikisho la vyama vya pamba, Victoria Federation of Co-operative Unions, mwaka 1955. Ushirika mkubwa ulianzia kwenye swali la kilo. Kwa hiyo kwenye AMCOS yako, yaani chama cha ushirika cha kuuzia mazao, chagueni wanachama wa kusimama kando ya karani na daftari lao, na muwabadilishe kila wiki wasije wakazoeana.

7. Dai kipimo kisicho na mwenyewe. Mwaka 1796 na 1797, Paris iliweka mita za marumaru kwenye kuta za mitaa ili raia wauzoee urefu mpya. Moja ingali Rue de Vaugirard. London nayo iliweka vipimo vya urefu Trafalgar Square mwaka 1876, mpita njia yeyote akalinganishe. Soko la Bariadi linastahili hivyohivyo. Halmashauri ya Mji ijenge meza ya zege langoni, iweke mizani iliyohakikiwa, jiwe la mizani la kilo 20, na debe la chuma nene lililofungwa mnyororo. Ibandike maelezo kwa Kiswahili na Kisukuma. Matumizi yawe bure, kwa mnunuzi na muuzaji sawasawa.

Gharama yake ni ndogo kuliko kile ambacho lumbesa inakula kwa msimu mmoja. Lipelekeni ombi hili kwenye mkutano wa mtaa sasa, diwani akiwepo, na likaandikwe kwenye muhtasari kabla vituo vya pamba havijafunguliwa.