Mwacheni Sendmail Apumue

Wanaoibeza Sendmail hawajui thamani ya malezi. Programu hii ya kusafirisha barua pepe, aliyoiandika Eric Allman kule Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980, humfunza msimamizi wa seva adabu zisizopatikana kwa kubofyabofya. Tazama faili lake la mipangilio, sendmail.cf. Kila kanuni ina upande wa kushoto na wa kulia, na katikati sharti pawe na tabo. Ukiweka nafasi za kawaida, ambazo kwa macho ni pacha wa tabo, kanuni haisomeki. Ni haki kabisa: asiyetambua kisichoonekana ana haraka gani ya kutuma barua?

Wanyonge walipolia, walihurumiwa wakapewa lugha ya pili, m4, ya kuzalishia ile ya kwanza. Sasa mtu hakwami kwenye faili moja tu; anayo mawili. Kitabu cha kuyafafanua kina kurasa zaidi ya 1,000, kwa hiyo jioni hazina upweke.

Na ukarimu je? Novemba 1988 programu hasidi ya Robert Morris ilipita mlango wa mafundi ulioachwa wazi, ikakaribishwa bila kuulizwa inatoka wapi. Mpaka toleo la 8.9 la mwaka 1998, Sendmail ilimbebea mgeni yeyote barua ya kwenda kokote. Siku hizi watu hawatoi hata lifti.

Postfix, mshindani wake, nayo ipo. Mipangilio yake inasomeka. Aibu iliyoje! Bosi naye akiifungua akaielewa, mishahara yetu tutaiteteaje?