Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Saa Ishirini na Nne, Mwangalizi Mkuu wa Watoto Waliopotea

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima zinazostahiki cheo chako, nakuandikia mimi raia wa Mombasa, si kwa inda wala kwa kukuvunjia heshima, bali kwa kuwa mara nyingi mzazi aliyepotelewa na mwanawe, akikimbilia kituo cha polisi, huambiwa kwamba habari yake haiwezi kutiwa katika daftari la matukio mpaka wewe upite. Nami, kwa kutaka kumjua anayetutawala, nimeipekua Katiba ya Kenya, nikaipekua Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, nikaipekua na ile ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu, jina lako nisilione hata pambizoni.

Kumbe hukuteuliwa na Rais, hukusailiwa na Bunge, hukuapishwa, wala hukutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Polisi wenyewe, kwa vinywa vya wakubwa wao, wamekukana hadharani na kusema kwamba taarifa ya mtoto aliyepotea hupokewa saa ile ile iletwapo. Lakini kesho yake mzazi mwingine hufika, akakukuta umekaa mezani pale pale, miguu umeinyosha. Mawaziri hubadilishwa na makamishna hustaafu, wala sijapata kusikia cheo kingine katika dola hii kinachotiiwa namna hiyo bighairi ya mshahara.

Na utiifu huo una matunda yake. Tuseme mtoto ametwaliwa sokoni Kongowea baada ya sala ya alasiri. Aliyemtwaa, akivuka feri ya Likoni pasina kucheleweshwa na foleni, atakuwa Lunga Lunga mpakani usiku haujakomaa. Na akipendelea bara, basi la usiku litamfikisha Nairobi jua halijachomoza, nawe bado utakuwa na muhula wa saa kumi hivi za kumaliza. Katika muda huo mtoto hupewa jina jipya, nguo mpya, na mama mpya wa kujibu abiria wakiuliza. Ilhali mamake wa kweli ameketi kwenye benchi, anaulizwa kwa upole kama ana hakika mtoto hakwenda kwa shangazi yake. Akiwa aliyepotea ni binti wa miaka 15, mama huulizwa kama binti hana mchumba, kana kwamba Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo nchi yetu imeingia, haikueleza wazi kwamba ridhaa ya mtoto haimtoi hatiani yule anayemsafirisha ili amtumikishe.

Usidhani kwamba sheria za maandishi zakuonea kijicho. Baadhi yao zimejifunza subira kwako. Ile ya mwaka 2010 ilitiwa saini, ikalala, ikaanza kutumika Oktoba 2012. Adhabu yake yatisha kuisoma, maana ni kifungo kisichopungua miaka 30. Illa walioitunga, kwa huruma ambayo wevi wa kuku hawajapata kuionja, walimwachia hakimu hiari ya kumtoza mkosaji faini isiyopungua shilingi milioni 30 badala ya kumfunga. Mwaka 2020 waandishi wa BBC waliojifanya wanunuzi walipatana na mtumishi wa hospitali ya umma mjini Nairobi awauzie mtoto mchanga wa kiume kwa shilingi 300,000. Mtumishi huyo baadaye alihukumiwa kifungo, na mahakama yastahiki shukrani. Lakini mwenye kujua hisabu ataona kwamba faini ile ni thamani ya watoto 100, na kwamba tajiri wa biashara hii, ambaye aghalabu hatii mguu hospitalini, aweza kuiandika katika vitabu vyake miongoni mwa gharama za kawaida, kando ya nauli na maziwa.

Wako, kunradhi, watu wasio na adabu ambao hawakungojei. Wako wanaopiga simu ya bure namba 116, ipokewayo usiku na mchana. Yuko mwadhini awashaye kipaza sauti cha msikiti na kutaja rangi ya kanzu ya mtoto. Wako makanga wa matatu na akina mama wa vyama wanaosambaza picha yake kwa simu chai haijapoa. Kwa ufedhuli wao huo, watoto wengine hupatikana wakiwa bado na majina yao. Sijui kwa nini hawajashtakiwa kwa kuingilia kazi ya serikali.

Sikuombi ujiuzulu, kwani hukuajiriwa. Nakuomba likizo fupi tu, isiyozidi urefu wa jina lako, ianzie dakika ile mzazi afikapo mlangoni mwa kituo. Kiti chako akikalie karani yeyote mwenye kalamu, aandike jina la mtoto, umri wake, nguo alizovaa na mahali alipoonekana mwisho, ampe mzazi nambari ya daftari la matukio (OB), kisha apige simu Lunga Lunga, Namanga na Busia. Ukirudi kazini ukakuta mtoto yuko kwao, malalamiko yote niletee mimi.

Wako mtiifu, kwa kukosa hiari,
Raia wa Mombasa