Shangazi Mizani Ajibu: Nimeipenda Saa, Naogopa Ni Shaba

*Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Tanga. Jamaa mmoja pale stendi ananiuzia saa ya mkono, Omega ya dhahabu tupu ya mwaka 1958, aliyoachiwa na babu yake. Bei ni ya kutupa, ila anataka hela leo kabla ya saa kumi kwa kuwa mama yake yuko wodini. Nimeivaa, akrabu ya sekunde inaruka tik, tik, tik, na moyo wangu nao unaruka. Nifanyeje? – Mwenye Haraka*

Marahaba. Mwanangu, mwenye haraka hapo si wewe, ni yeye. Mpe pole ya mama, kisha uitazame tena hiyo akrabu. Saa ya 1958 ilikuwa ya kutiwa ufunguo, au ya kujitia yenyewe mkono unapotikisika. Mashine ya namna hiyo hugonga mara tano au sita kwa sekunde, kwa hiyo akrabu huteleza kwa mitetemo midogo. Inayoruka hatua moja kila sekunde karibu kila mara ni saa ya betri, ile ya kwatzi, na ya kwanza ya kuvaa mkononi iliuzwa na Seiko huko Tokyo tarehe 25 Desemba 1969. Babu aliipata miaka 11 kabla haijaingia dukani. Babu hodari.

Najua atatokea mjuzi aseme ziko saa chache zisizo za betri za miaka ya 1950 zilizotengenezwa makusudi ziruke hivyo, kama Rolex Tru-Beat. Ni kweli. Hizo haziuzwi stendi.

*Shangazi, nafunga ndoa baada ya Idi. Baba mkwe ameahidi kunivisha saa. Kuna sonara hapa Mombasa ana Omega Constellation ya zamani, nyuma imechongwa "18K". Mkwe anasema hiyo inatosha. Mimi nasita, lakini sina uso wa kumwambia. – Bwana Harusi*

Endelea kusita. "18K" huchongwa na yeyote mwenye sindano na mchana mtulivu. Waswisi wenyewe hawakuridhika nayo, wakaweka chapa rasmi. Kasha la karati 18 lilipigwa kichwa cha mwanamke, Helvetia, pamoja na 0.750, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1000. La karati 14 lilipigwa kindi na 0.585. Chapa hizo zilidumu mpaka 1995, ndipo kikaja kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Basi ukiambiwa saa ni ya 1960 halafu ukamkuta mbwa ndani, mmoja kati ya mbwa na muuzaji anadanganya, na mbwa hana sababu.

Chapa hizi ni ndogo mno, zitafute kwa lenzi. Mara nyingi ziko ndani ya kifuniko cha nyuma, pengine na ubavuni au chini ya pembe zinazoshika mkanda. Tazama na uzee wake. Kama pembe zimelika kwa kusuguliwa na kung'arishwa miaka mingi, chapa iliyo juu ya pembe hizo nayo ilipaswa kulika. Ikiwa kali kama ya jana, huenda ni ya jana.

Ukishamaliza dhahabu, tazama mashine. Constellation ilitoka mwaka 1952, na katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa saa ya kujitia ufunguo iliyopimwa rasmi kwa usahihi wake. Nyuma ya nyingi kuna medali ya jumba la kutazamia nyota, na nyota nane juu yake. Ndani, mashine za Omega za enzi hizo zina rangi ya shaba nyekundu, jina la kampuni, namba ya aina ya mashine na namba ndefu ambayo fundi anaweza kuitumia kukisia mwaka. Kifuniko kikifunguka ukakuta mashine nyeupe isiyo na jina, inayotaka kutiwa ufunguo kwa mkono, kifungwe taratibu na umshukuru sonara kwa chai.

Sasa mchovyo, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Ukisoma *plaqué*, *gold filled*, *gold plated* au *20 microns*, hiyo si dhahabu tupu. Mikroni 20 ni milimita 0.02, na chini yake ni shaba au chuma. *Stainless steel back* nayo inakuambia mgongo ni chuma, kwa hiyo na kasha lililobaki lina maelezo ya kutoa. Saa ya mchovyo si feki, mwanangu. Omega wenyewe waliziuza, na nyingine ni nzuri kuliko zangu. Inakuwa wizi pale inapouzwa kwa bei ya dhahabu. Chunguza mahali ngozi na shati vinaposugua, yaani ncha za pembe, ukingo wa nyuma na kitufe cha ufunguo. Rangi nyingine ikichungulia, umepata jibu bila tindikali.

Na usiamini kipimo kimoja. Jiwe na tindikali ya sonara hupima kile kilichosuguliwa tu, na hata kifaa cha eksirei kinasoma ngozi ya juu, hivyo mchovyo mnene unaweza kuvipita vyote viwili. Mizani ni ngumu kudanganya, na nasema hivyo si kwa sababu ya jina langu. Kasha la karati 18 likitolewa mashine na kioo lina uzito karibu mara mbili ya la shaba lenye ukubwa uleule.

Ukikuta 375, usikimbie. Hiyo ni karati 9, dhahabu halali kwa Waingereza, na ikiwa na chapa ya nanga basi ilipimwa Birmingham. Makampuni ya Kiingereza yaliwapa wastaafu saa za namna hiyo, na jina la mzee likachongwa nyuma. Wanunuzi hulalamikia jina hilo. Mimi nalipenda, kwa kuwa ni nadra mtu kujisumbua kughushi shukrani za kustaafu.

Kuhusu baba mkwe: mkwe haambiwi amekosea. Mwambie ungependa fundi saa aifungue, aisafishe na kuitia mafuta kabla ya siku kuu, na wewe utasimama pembeni kujifunza. Kifuniko kitafunguka na heshima itabaki.

*Shangazi, nikiing'ata nitajua? – Meno Thelathini na Mbili*

Utajua bei ya daktari wa meno. Sumaku nayo iache. Dhahabu haivutwi, shaba pia haivutwi, kitakachovutwa ni chuma cha mashine, na saa itaanza kukimbia mbele ya majira.

*Assalam aleikum shangazi. Niko Muscat, nyumbani kwetu tunasema Kiswahili cha Unguja. Mzee mmoja ana Rolex Day-Date ya dhahabu, usoni ina hanjari nyekundu. Anasema ni ya 1973, zawadi ya Sultan Qaboos, na anataka mara mbili ya bei ya Day-Date isiyo na hanjari. – Mpenda Hanjari*

Waalaikumu salaam. Zawadi hizo zilikuwapo kweli. Katika miaka ya 1970 Rolex zenye hanjari ya Oman usoni ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London, zikagawiwa watu waliomtumikia Sultan, wakiwamo wanajeshi wa Kiingereza. Ndiyo maana kinembo kile kinapandisha bei, na ndiyo maana wachoraji hawalali.

Wewe anza na saa, Sultan atafuata. Day-Date ilizaliwa 1956, ikauzwa ya dhahabu au platini tu. Mwombe mzee avue mkanda. Katikati ya pembe, upande wa namba 12 ya uso, pana namba ya modeli. Upande wa namba 6 pana namba ya saa yenyewe. Modeli ya 1803 ya wakati huo ina kioo cha plastiki, na kubadili tarehe unazungusha akrabu mpaka zipite usiku wa manane. Njia ya mkato ya kuvuta kitufe na kubadili tarehe peke yake ilikuja 1977. Kama ya mzee inaweza, mwaka wake si 1973, au mashine yake si yake.

Halafu soma chini kabisa ya uso. Alama za *T SWISS T* zinasema rangi ya kung'aa ina tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Baada ya miaka 50 haibaki na la kusema gizani. Iking'aa usiku kucha, uso umepakwa upya, na aliyepaka rangi hiyo pengine ndiye aliyechora na hanjari. Chukua lenzi utazame hanjari yenyewe. Ikiwa imepita juu ya doa la uzee, doa lilitangulia.

Mwisho umuulize mzee aliyepewa alikuwa nani, alikuwa na cheo gani, na karatasi iko wapi. Yote yakiwa sawa na karatasi hakuna, lipa bei ya Day-Date ya kawaida. Hanjari akupe bure.

*Shangazi, mume wangu ananunua saa za zamani, kila moja ni "orijino". Fundi alipofungua ya mwisho alicheka mpaka akakaa chini. Mashine ya saa moja, uso wa nyingine, akrabu za ya tatu. Nimrudishe kwao? – Mke Aliyechoka, Dodoma*

Usimrudishe, ana wenzake wakubwa. Novemba 2021, kwenye mnada wa Geneva, Omega Speedmaster ya chuma, wala si dhahabu, iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Ilinunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Omega yenyewe. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba ile ilikuwa mkusanyiko wa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Ikiwa wenye kumbukumbu za kiwanda wameingizwa mjini, mumeo wa Dodoma ni nani?

Ila mfundishe kutazama kama vipande vinafanana umri. Uso umegeuka manjano na akrabu zinametameta kama za harusi? Herufi za uso zimepinda? Nyuso nyingi za saa za Kiswisi zimepakwa upya Mumbai kwa rangi za kuvutia macho, na maandishi ndiyo huwasaliti wachoraji.

Kisha mwekee sheria moja: hela haitoki ndani mpaka kifuniko kifunguliwe mbele ya fundi ambaye hakuletwa na muuzaji, na risiti iandikwe karati, namba na haki ya kurudisha. Muuzaji akikataa kuandika, saa arudi nayo.

Barua zilizobaki nitazijibu toleo lijalo. Mkiniandikia, msinitumie tena picha za uso. Tumeni picha ya ndani ya kifuniko, ipigwe mchana, bila kidole juu ya chapa.