Mimi na moshi hatuna ugomvi

Mimi ni mwoga jamani, sifichi. Naogopa nyoka hata wa kwenye kalenda. Nikisikia ndege imeanguka huko Brazil silali, wakati mimi hata nauli ya basi kwenda Morogoro sina. Na upepo? Usiniambie kitu kuhusu upepo!

Juzi tuko kwenye daladala ya Mbagala, foleni haisogei. Madirisha yote tumefunga, maana kuna mama kapakata kichanga, kakivisha sweta, kofia na soksi, asije akapigwa na upepo. Mbele yetu lori la mchanga linatema moshi mweusi tii. Daladala yenyewe sakafu imetoboka, moshi wake unatupitia miguuni. Mtoto akakohoa. Nikasema kwa sauti ya mtu mzima: "Mnaona? Upepo huo umeshamwingia." Abiria wakaitikia. Nikajiona daktari.

Bahati mbaya nilikuwa na mpwa wangu, binti yuko chuo, anasomea mazingira. "Mjomba, huo si upepo, ni moshi." Nikamwambia moshi nauona, ungekuwa na ubaya ningeukwepa. Ndo akaanza. Eti unaonionea ni ule usioonekana! Kuna vichembe vyembamba, unene wake kama moja ya thelathini ya unywele. Puani havinasi. Vinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, vingine vinapenya kwenye damu, vinaleta mshtuko wa moyo na kiharusi.

Kiharusi! Si ndicho kilichomwangusha mzee wa nyumba ya tatu? Anachoma mkaa miaka yote yule. Na sisi mtaa mzima tulishakaa kikao, tukampata mchawi, shemeji yake. Mchango wa mganga nilitoa mimi wa kwanza. Nani ananirudishia?

Binti hajamaliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria hewa chafu, ya nje na ya jikoni, inaua watu kama milioni 7 kila mwaka. Nikamuuliza, mbona redioni sijawasikia? "Hawafi pamoja, mjomba. Mmoja anaandikiwa moyo, mwingine nimonia, mwingine saratani ya mapafu. Moshi hauandikwi." Sasa mtu ataogopaje kitu ambacho hata msibani hakitajwi?

Eti hata London, Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulitanda siku tano, ukaua maelfu, na wenyewe wanajua ni ukungu wao wa siku zote. Walishtuka majeneza yalipoanza kuadimika. Hapo nilifarijika sana. Wazungu wale, wana shule zao, na wao walipigwa chenga.

Nikajitetea kwamba mimi afya naijali, sigara niliacha zamani. Akanitazama vile wanavyotutazama watoto wa siku hizi. "Na ile dawa ya mbu ya kuchoma unayowasha chumbani?" Kuna watafiti waliipima mwaka 2003. Kipande kimoja kikiungua mpaka mwisho kinatoa vichembe sawasawa na sigara 75 mpaka 137. Na mimi nawasha kila usiku, nafunga mlango, naziba na kitambaa chini ili moshi usipotee bure! Kumbe pakiti zote nilizoacha navuta usingizini, na naamka nasifiwa nimeokoka.

Nikafika nyumbani nina hasira, nikamwambia mama watoto kuanzia leo dawa ya mbu haiwashwi humu. Akasema sawa baba, tutumie chandarua. Nikauliza kwani tunacho? Akanionyesha banda la kuku. Chandarua cha serikali, kipya kabisa, nilichokitandaza mwenyewe kuzuia mwewe. Kuku wangu hajaugua malaria hata mmoja.